Kaburi la Mnara Halina Dhahabu

Tima mwanangu,

Salamu sikupi, maana uko hapo chumba cha pili na nakusikia ukigombana na zipu ya begi. Nimekaa kwenye cherehani yangu, kazi ya watu nimeifunika kwa kitambaa ili isinitazame, na nakuandikia barua hali ningeweza kukuita tu ukaja. Lakini wanijua. Nikianza kusema kwa mdomo nitacheka, kisha nitalia, kisha nitakuuliza kama umekula, na yote niliyokusudia yatapotea. Kwenye karatasi angalau hakuna wa kunikatiza, hata mimi mwenyewe.

Mambo ya safari sikuandikii. Sweta babako amekwisha kukununulia, kubwa kama hema, kwa kuwa kaambiwa Nairobi kuna baridi na yeye hajui kufanya jambo nusunusu. Bibi yako kakufungia achari ya embe, kashata na chupa ya mafuta ya nazi aliyoivisha mifuko juu ya mifuko. Namba za jamaa wote wa Nairobi unazo, pamoja na wale tusiosemezana nao. Mimi nataka kukuandikia habari za kaburi.

Najua umecheka. Mama gani anamuaga binti yake kwa habari za kaburi? Lakini ni kaburi hilo linalokupeleka Nairobi kutengeneza gemu, na ni hilo lililotununisha mimi na wewe tukawa tunapishana ukumbini kama wapangaji. Kesho unapanda treni, na upande wangu wa mambo haya hujausikia vizuri. Uliusikia kwa makelele tu.

Wewe ulizaliwa ukalikuta. Kwako ule mnara nyuma ya nyumba ni kama tangi la maji la jirani, upo tu. Mimi nililikuta ni mtu mzima. Nilikuja Takaungu bibi harusi kutoka Malindi, hina mikononi haijafifia, nikijiona mtu wa mji mkubwa niliyeletwa mahali ambapo hata kuku hawana haraka. Asubuhi ya kwanza niliyoruhusiwa kushika kazi, nikafua. Kamba ya nguo ilikuwa imejaa. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaona ua mfupi wa mawe, umepigwa jua vizuri, katikati yake umesimama mnara mnene wenye matundu matundu. Nikasema moyoni, hawa watu wa Takaungu wana akili, wamejenga kabisa pa kuanikia. Nikatandaza kanga zangu zote juu ya ua ule, na fulana za babako, na nguo nyingine ambazo sizitaji kwenye barua.

Bibi yako, mavyaa wangu, akatoka na kikombe chake cha chai. Nikamwamkia, akaitika marahaba kwa upole kabisa. Akaiweka chai chini, akavua ndara zake, akaenda hadi kwenye ule ua, akasema kwa sauti, na hakuwa akisema nami:

"Tuwie radhi, bwana. Ni mgeni huyu. Katoka Malindi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ndipo nikajua kwamba nimemwanikia marehemu nguo kichwani. Tukaanua pamoja, yeye akinipokea nguo moja moja kwa adabu kama mtu anayepokea mahari, na tulipofika kwenye zile nisizozitaja akashindwa kujizuia. Alicheka hadi akakaa mchangani. Mpaka leo akitaka kuninyamazisha mbele ya watu huniuliza kama kamba yangu ya nguo yatosha.

Kosa lile lilikuwa dogo na liliniletea mapenzi. Kubwa ni lililofuata. Kwa aibu niliyoona, nilikaa mwaka mzima bila kuuliza chochote. Nilifagia pale kila Alhamisi, nikachoma ubani, nikanyunyiza marashi, na sikujua namfagilia nani. Nilijifanya najua. Siku nilipojikaza nikamuuliza babako, akaniambia ni shehe. Ami yako akaniambia ni tajiri wa pembe za ndovu. Bibi yako akaniambia, "Sijui, mwanangu. Nami nilimkuta." Mwaka mzima nimeona haya ya kutojua jambo ambalo nyumba nzima hailijui! Kwa hiyo huko kazini uliza mapema, Tima, ungali mgeni na watu wanakusamehe. Usijikaushe kama mamako.

Halafu ikaja asubuhi ya shimo. Wewe ulikuwa tumboni, umenielemea hata viatu sivioni. Kulikuwa na uvumi umetoka Kilifi, fulani kamwambia fulani, kwamba makaburi haya ya minara yana dhahabu chini. Tukaamka tukakuta ua umebomolewa upande mmoja, na shimo limechimbwa refu, na ndani ya shimo hamna kitu ila mchanga na mizizi. Na lile bakuli la mwisho lililobaki kati ya yale yaliyopachikwa zamani kwenye matundu ya mnara, lile la kaure la buluu ambalo bibi yako alikuwa akilipangusa kwa upindo wa kanga, wamelibandua wamekwenda nalo. Ile ndiyo mara ya kwanza kumwona mavyaa wangu akilia. Alilia kimya, amesimama, mikono kiunoni.

Kisha akafunga kanga vizuri akasema tufukie. Tukafukia. Mimi na tumbo langu nilibeba mchanga kwa karai ndogo, na kila aliyesema nipumzike nilimtolea macho. Majirani wakaja na majembe, mtu akaleta kahawa, mwingine akaleta mahamri ya moto, na kabla ya adhuhuri watu walikuwa wakitaniana juu ya shimo kama tuko harusini. Babako akaujenga ua upya kwa mikono yake. Ndiyo maana umepinda. Wageni wakija kupiga picha husema umepinda kwa uzee, nasi tunawaachia.

Lakini mimi tangu siku ile neno dhahabu likitajwa karibu na kaburi lile, naliona lile shimo. Shika hapo, kwa kuwa bila hapo hutaelewa kwa nini nilikuwa mbaya namna ile.

Ulipopata kazi ya kuchora hilo gemu lao la miji ya zamani ya pwani, ukaniambia kaburi lao litatokana na letu, nilifurahi kuliko wewe. Kumbuka siku ya kupima! Ulitaka vipimo vya kila jiwe, na mimi ndiye mwenye futi. Ukashika mwanzo wa futi, nami nikauzunguka mnara, nikakutajia kiuno, nikakutajia kifua, nikakwambia mteja huyu ana umbo zuri, ila mabega hana. Mnara ulipotushinda urefu tukafunga futi kwenye mti wa ufagio. Bibi yako akatoka akatukuta, akasimama, akauliza:

"Mwampima? Mwataka kumshonea?"

"Kanzu ya Idi, mama," nikamwambia.

"Basi msimbane. Kazoea nafasi."

Siku zile nyumba ilikuwa na raha. Jioni ulikuwa ukikaa na bibi yako jamvini, ukimuuliza lile bakuli la buluu lilikuwaje, naye akikuchorea kwa kidole kwenye unga wa maandazi. Ua limechanua katikati, majani huku, mstari pembeni. Ukifuta, akichora tena. Niliwaona nikasema, mwanangu kazi hii amezaliwa nayo.

Na ikafika jioni ile ya kuonyeshwa. Ukaunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni, ukampa bibi yako kile kidude cha kushika kwa mikono miwili mnachokiita pedi. Kwenye televisheni akatokea kijana kavaa kikoi na kilemba, kasimama mlango wa mji.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, bibi."

"Basi mbona nina ndevu?"

Ukamwelekeza: kitufe hiki cha kutembea, hiki cha kukimbia, hiki cha kuruka, hiki cha kupiga. Akavigusa vyote, akakutazama. "Cha kuamkia ki wapi?" Ukamwambia hakuna. "Hakuna? Watu wazima wamekaa barazani mji mzima, nami niwapite tu kama mbuzi?" Basi akaamua kuamkia kwa mdomo. Kila mzee wa kwenye gemu alipewa shikamoo yake, kila mwanamke akaulizwa hali ya watoto, na kila mara bibi yako alingoja jibu. Hawakumjibu. Akasema kumbe watu wa zamani walikuwa na kiburi, twawasifu bure. Kwenye kila mlango akapiga hodi akangoja. Akaingia mlango mmoja uliokuwa wazi, askari akampiga rungu akamwua, wewe ukapiga kelele, yeye akasema, "Haki yake. Hapo sikubisha." Babako alicheka mpaka akatoka nje kukohoa.

Kijana aliyeumbwa kuruka juu ya mapaa alitembea mji mzima kwa adabu za Takaungu, mpaka akakata kona ya msikiti, na mnara ukatokea.

Wewe ulikuwa umeinamia waya, hukuuona uso wa bibi yako. Mimi niliuona. Mnara ule mweupe, Tima! Chokaa mbichi, umenyooka, ua wake haujapinda, na kila tundu tunalolijua sisi ni tupu lina sahani yake ndani inang'aa. Na lile la buluu liko mahali pake, ua katikati, majani huku, mstari pembeni. Bibi yako alilitazama kama mtu aliyeonyeshwa mamake angali msichana. Akasogea mpaka ukingo wa kiti.

"Ndilo," akasema. "Ndilo lenyewe. Mke mwenzangu, umelipata wapi?"

Ukamwambia, "Kwako, bibi."

Nimekuzaa, nimekusomesha, nimekuona ukishinda zawadi shuleni na ukivaa joho la chuo. Sijapata kukuonea fahari kama dakika ile.

Na hapo hapo yakatokea maandishi. Bibi yako bila miwani haoni, akauliza yasemaje. Ukauweka waya chini. Kisha ukamsomea kwa sauti ndogo: panda mnara, vunja ua, chukua dhahabu.

Hakukasirika, ulimsikia mwenyewe. Aliuliza tu, "Na viatu navulia wapi?"

Ukamwambia hakuna kitufe cha kuvua viatu.

"Basi nitangoja hapa nje. Pengine atatokea mtu."

Akaiweka pedi mapajani, na yule kijana akasimama nje ya ua, hana la kufanya. Watu wa gemu wakawa wanampita. Jua la gemu likaanza kushuka. Bibi yako akaona hakuna anayetokea, akanyanyua viganja akasoma Fatiha palepale. Babako akanyanyua vyake. Nami nikanyanyua, nawe ukanyanyua. Mtu angepita mlangoni angedhani tumeanza kuisomea televisheni. Tulipojipangusa nyuso akakurudishia pedi, akasema gemu ni zuri ila watu wake hawajafunzwa, akaenda kuswali.

Mimi ndiye niliyekasirika. Ulijaribu kunieleza kwamba hazina si wazo lako, ni la bosi wako, Bwana Mutiso, kwamba mchezaji akifika mahali lazima apate kitu, la sivyo anachoka. Sikukusikia. Nilikuwa nimerudi shimoni na karai. Niliona vijana wa dunia nzima wakifundishwa kwamba mnara wetu una dhahabu, kisha mmoja wao, mmoja tu, akija usiku na jembe la kweli. Na bibi yako safari hii ana nguvu gani za kufukia? Nikakwambia Nairobi walikokuita kumalizia kazi huendi. Nikakwambia hukulelewa uje kuuza kaburi. Neno lile "kuuza" lilikuchoma, nililiona likiingia, na sikulirudisha.

Simu yako ilipolia kesho yake, jina la bosi likaonekana, ukiwa msalani, mimi nikaipokea. Nikamwambia:

"Bwana Mutiso, babu yako kazikwa wapi? Nielekeze nije na jembe."

Akasema, "Mama, nimekuelewa." Nikakata nimejaa ushindi. Nikarudi kwenye cherehani nikashona kwa kasi hata uzi ukakatika. Nilidhani nimelikinga kaburi, kumbe nimekukata wewe mguu. Jioni ile akakuandikia kwamba labda kazi hii itakuletea matatizo nyumbani, na kwamba atatafuta mtu mwingine, na wewe ukaja ukanisomea maneno hayo bila kupandisha sauti. Heri ungepiga kelele.

Nilikuwa na haki ya kuogopa. Haki ya kusema kwa mdomo wako sikuwa nayo. Una mdomo wako, na tena nimekuja kuuona ni bora kuliko wangu, kwa kuwa yale ambayo mimi nimeshindwa kwa jembe, wewe umeyafanya kwa utulivu. Hukubishana na mtu. Jioni ya Fatiha ulikuwa umeegesha simu kwenye kabati, imerekodi tangu mwanzo, ndevu na rungu na yote. Ukaikata ile video, ukamtumia Bwana Mutiso sehemu moja tu: bibi yako amekaa, kijana amesimama nje ya ua, jua linashuka. Chini yake ukaandika, huyu ndiye mchezaji wetu wa kwanza, naye hakuchoka.

Akakujibu uje. Lakini akasema habari ya dhahabu haijaamuliwa, kuna wakubwa zaidi yake, na ahadi hana ya kukupa. Mimi nikasema bila ahadi usiende. Babako akasema tungoje. Bibi yako anachambua mchele, hakuinua kichwa, akasema, "Na aende. Asipokuwako yeye, nani atawaambia?" Ndipo ulipoanza kupanga nguo, nami nikaanza kununa upya, kununa kwa tabia tu, moyo ulikuwa umeshakubali.

Nikuambie jambo moja la kazi, nililolipata kwa aibu. Nilipoanza ushonaji nilipokea nguo ya bibi harusi mmoja wa Watamu. Alitaka ibane kuanzia kifuani mpaka magotini. Nikamwambia hutaweza kukaa. Akasema wote wanashonewa hivi. Dada zake wakasema wote, shangazi yake akasema wote, nami nikaona hawa ni wengi na mimi ni fundi mchanga, nikakata walivyotaka. Siku ya harusi yule binti alisimama tangu kuingia ukumbini mpaka kutoka. Akilishwa keki amesimama, akipigwa picha ameegemezwa ukutani kama ngazi. Na unadhani alilaumiwa nani? Hakuna aliyekumbuka "wote". Kila mtu alikumbuka jina la fundi.

Basi huko utakaa mezani na watu wenye maneno laini, watakwambia wachezaji wote wanataka dhahabu. Waulize wote ni kina nani. Uliza kwa adabu, tena kwa kicheko kama ukiweza, maana kicheko unacho, umekirithi kwa bibi yako. Lakini usikate kitambaa huku moyo wako unakataa. Na wakikushinda kabisa, Tima, wakaiweka dhahabu yao, usije ukaogopa kurudi hapa kwa kufikiri kwamba nitakukumbusha neno lile. Nimelifukia. Utarudi tule, tucheke, tujenge ua mrefu zaidi.

Nilikuwa nimefika hapo simu yako ikalia.

Ilikuwa hapa mezani kwangu, kwenye chaji, karibu na mkasi. Jina la Bwana Mutiso. Mkono ulinitoka wenyewe ukafika katikati ya njia. Nikaurudisha nikaukalia, wallahi, niliukalia mkono wangu, nikakuita kwa sauti ambayo bila shaka imesikika mpaka Kilifi. Ukaja mbio na sweta la babako mwilini, ulikuwa unalijaribu, ukachukua simu ukatoka nayo uani.

Nikakutazama dirishani. Sikusikia neno. Niliona mkono wako ukienda na kurudi, sweta limekufunika hata vidole. Mara ukasimama. Ukatikisa kichwa, hapana. Ukasema kitu kirefu, taratibu, huku ukiuonyesha mnara kana kwamba aliye Nairobi angeweza kuuona. Ukasikiliza, simu umeibana sikioni. Bibi yako alikuwa amekuja nyuma yangu, amenishika bega, na tasbihi yake imesimama.

Kisha ukaruka. Uliruka kama ulipokuwa mtoto ukisikia gari la babako, na sweta likaruka baada yako.

Ulipoingia ulikuwa unasema na kulia pamoja. Dhahabu imetoka. Badala yake mchezaji akifika pale avue viatu, afagie, aombe dua, na tangu hapo kila mlango wa mji ukipigwa hodi unafunguliwa, na wazee wa barazani wanaitika salamu. Kitufe cha kuamkia kimekubaliwa. Bibi yako akasema, "Sasa huo ni mji." Mimi nilipiga kigelegele kilichomtoa jirani nje akidhani umeposwa, na sikumsahihisha mpaka aliponipongeza mara mbili.

Ukasema limebaki jambo moja dogo. Mchezaji akisimama mbele ya kaburi, yatatokea maandishi kumwambia ni la nani, na wanataka jina na sifa zake. Ni shehe, ni tajiri, ni mfalme? Ukamuuliza bibi yako, naye akasema umwache afikiri. Ukatoka kwenda kuwaaga kina shangazi, na huku nimebaki mimi na yeye.

Alikaa muda hapa kwenye kiti cha wateja. Kisha akasema jibu analo, ila hakuweza kukwambia usoni, maana angelia na wewe ungeahirisha safari. Akaniambia niliandike humu, ulisome ukiwa ndani ya treni, uwafikishie kama lilivyo, wasiongeze shehe wala mfalme. Naliandika kama alivyolisema:

"Jina hatulijui. Waandike, lina wenyewe."

Nikamtazama. Akadhani sikusikia, akarudia. "Lina wenyewe. Yatosha hayo. Mtu akijua kaburi lina wenyewe, atakaa kwa adabu."

Kisha akainuka kwenda kutia udhu, akageuka mlangoni akasema, "Na mtoto mwambie hivyo hivyo. Naye huko aendako, ana wenyewe."

Mamako